Mbuzi ya Pili

Likasi, tarehe 9 mwezi ya tatu 2024

Ba shemeji Edouard,

Jambo yenu huko Kamalondo. Telefone yako nimeipiga mpaka kidole imechoka. Inalia, inalia, kisha Martine anaikamata na kuniambia, "Eko analala." Shemeji, tangu mbele ya Noël, tangu ile siku AVC, ile kiharusi, ilikuangusha mu duka yako katikati ya zipi na nyuzi, weye unalala tu? Hata mutoto muchanga hapati usingizi namna hiyo.

Martine alinieleza kama kiné yako, ule kijana Jephté mwenye kukunyoosha mukono na muguu, anataka uandike barua, juu mukono irudilie nguvu. Bon. Na miye naandika. Hii barua inakuya na Djo, shofer ya bus ya Likasi, yeye njo atakuwa posta yetu. Ukimuona, umupe maji ya kunywa.

Sasa habari. Estelle amepata muntu! Jina yake Ruben, fundi ya umeme hapa Likasi, lakini kwabo ni Hewa Bora, huko kwenu Lubumbashi. Kijana ya heshima: akiingia hapa anavua kofia hata mbele ya kuku. Familia yake banataka kubisha mulango juu ya kumuomba, na mulango ni ya kwako, juu bwana yangu Paulin eko mu udongo na weye njo yaya yake, kaka mukubwa. Baba ya Estelle leo ni weye.

Nakuuliza, na usinifiche. Unaweza kusema? Mu hii familia hakuna ndoa hata moja ilifungwa bila kinywa yako. Baba mukwe ya Donat alikuwa amekataa kabisa kabisa. Uliingia, ukasema, muzee akacheka mpaka akatoa binti, akaongeza na kuku juu yake. Donat anasema kama ni vile, yeye mudogo yako atakamata nafasi yako. Unamujua Donat. Akianza tu salamu, bukari inapoa mu sahani.

Estelle anasema, "Kama si baba mukubwa, basi tungojee." Lakini bantu ya Ruben habatangojea mpaka mwaka ingine. Uniambie kweli.

Shemeji yako,
Madeleine

*

Kamalondo, tarehe 17 mwezi ya tatu 2024

Madeleine, shemeji ya matata,

Uone hii herufi, kila moja kubwa sawa kiazi. Jephté anazifurahia, anasema ni kazi ya ajabu. Miye naona haya. Lakini mu mwezi ya kwanza hii mukono ya kuume ilikuwa sawa mukono ya muntu mwingine, nilikuwa naibeba tu kila mahali sawa muzigo ya mugeni. Leo inashika kalamu. Tushukuru.

Kule ku centre ya Jephté balinipa shati, nikaambiwa nifunge kifungo. Miye! Mafundi ya Kamalondo bote banashona na bifungo bilitoka mu duka yangu, tangu weye ukiwa binti ya kusuka nywele mbili, na asubuhi nzima kifungo moja ikanishinda. Nikaitukana mu Tshiluba. Nikaitukana mu Kifaransa. Jephté akacheka, na miye nikacheka, na katikati ya kucheka, ayi, ikaingia! Muguu nayo inaendelea. Natembea na fimbo mpaka ku kona, na bantu ya bar bananipigia makofi sawa mucheza mpira.

Juu ya kinywa, usihangaike. Kinywa yangu iko muzuri. Iko nzito kiloko tu asubuhi, lakini hiyo ni dawa ya tension ya damu. Telefone siipendi juu inapiga makelele mu sikio, njo hiyo tu.

Donat? Donat asifungue kinywa yake hata kuomba chumvi. Bakuye. Nitabapokea siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi ya ine, mu salon yangu, na koti. Estelle asingojee kitu.

Martine ananiuliza juu ya nini nacheka peke yangu na karatasi.

Edouard

*

Likasi, tarehe 2 mwezi ya ine 2024

Ba shemeji,

Nilisoma barua yako mu cour, mbele ya nyumba, nikacheza pale pale na kitambaa mu mukono. Jirani akafikiri nimeokoka mara ya pili. Estelle aliikamata, akaisoma, akaiweka chini ya muto. Donat nimemuambia akae. Amenuna, hajanisalimia tena, na miye nimefurahia hiyo kimya.

Neno moja sasa, na iko nzito. Bantu ya Ruben ni Basanga, benye inchi ya huku. Musemaji yabo ni Papa Léonard, baba mudogo ya Ruben. Weye na miye tunakumbuka mwaka ya 1992, wakati benye inchi balitufukuza siye bantu ya Kasai. Miye nililala inje ku gare ya Likasi na mama yangu, tukingojea train itupeleke Kasai, inchi nilikuwa sijaona hata siku moja na macho yangu. Tulirudia, tukazaa, tukazika. Lakini ile haifutike.

Ruben hakuwa amezaliwa. Nilimuangalia sana usoni, unajua vile naangaliaka bantu, na sikuona gare. Niliona kijana anapenda mutoto yangu, tena anamuogopa kiloko, na hiyo ni muzuri.

Basi ubapokee na moyo. Maneno ya zamani isitoke mu kinywa yako, hata kwa kucheka. Miye sitakuwa pale, unajua mama ya binti haingiake mu masolo ya kwanza ya ndoa. Yote iko mu mukono yako. Hapana, nimekosa: mu kinywa yako.

Madeleine

*

Kamalondo, tarehe 29 mwezi ya ine 2024

Shemeji,

Balikuya. Ilipita. Balifika na neno ya mbuzi moja, barudia kwabo na kuacha neno ya mbuzi mbili, na blanketi ya nkambo, ile ya bazee ya familia, juu yake. Uone vile shemeji yako anajua kazi! Donat angepewa yai.

Sikusema mingi. Muntu mukubwa hasemake mingi.

Mukono imechoka, naishia hapa.

Edouard

*

Likasi, tarehe 5 mwezi ya tano 2024

Edouard,

Leo sikuiti shemeji.

Ruben alikuya jana. Alisimama ku mulango, nikamupa kiti, akakataa. Akanieleza yote. Papa Léonard alisema maneno yake ya kubisha, muzuri, na heshima, akaweka neno ya mbuzi. Na weye ukamuangalia tu. Kimya. Weye unajua kupita miye: mukubwa akinyamaza mbele ya neno ya ndoa, anasema neno yenu ni ndogo, mutoke, murudie na ingine. Batoka inje, basemezana, barudia na mbuzi ya pili. Weye kimya. Batoka tena, barudia na blanketi. Weye ukageuza uso, ukaangalia ukuta! Martine akaleta Fanta, bakakunywa sawa bantu ku kilio, bakaenda.

Nyumbani Papa Léonard aliambia familia, "Kimya kingi kina mushindo. Ule muzee hakukataa mbuzi. Alikataa sisi. Bantu ya Kasai habajasahau, na beko na haki." Sasa banataka kuacha. Banasema habatapeleka kijana yabo mu nyumba yenye haimutaki.

Estelle hakule. Anafundisha batoto ya masomo asubuhi, akirudia analala na viatu ku muguu. Haulizi kitu. Nilikuomba neno moja, Edouard, moja tu. Kama gare ilikuwa bado mu moyo yako, juu ya nini hukuniambia? Donat angesema mingi, angesema bupuzi, lakini angesema!

Madeleine

*

Kamalondo, tarehe 9 mwezi ya tano 2024

Mudogo yangu Madeleine,

Ni Martine. Edouard hajue kama naandika. Eko ku centre.

Hakuna kisasi mu moyo ya bwana yangu. Hakuna. Ni kinywa njo ilikataa. Tangu AVC anasema sawa muntu mwenye bukari ya moto ku ulimi. Akili iko yote, anakumbuka yote, anacheka, ananigombeza. Na miye nyumbani anasema pole pole, na namusikia. Lakini mbele ya bageni, kinywa inafunga. Telefone anaikimbia juu siku moja fundi moja ya zamani alimupigia, akafikiri Edouard amelewa asubuhi, akacheka, akakata. Tangu pale hashike tena. Anasema uongo juu ya makelele mu sikio.

Ile siku alivaa koti ya ndoa yetu. Juma nzima alijifunza neno moja mbele ya kioo, "Karibuni, mumefika kwenu." Ilikuwa inatoka muzuri, mpaka Jephté akamupigia makofi. Papa Léonard alipomaliza, nilimuona Edouard anafungua midomo. Hakuna kitu. Anajaribu tena, jasho inashuka. Hakuna kitu. Bageni batoka, anajaribu peke yake, inatoka! Bageni barudia, inapotea. Aligeukia ukuta juu machozi ilikuwa inakuya. Miye nilikuwa nyuma ya rideau, pazia ya mulango. Nilileta Fanta juu bantu baangalie chupa, basimuangalie yeye. Kama ni kosa, ni yangu.

Balipokwenda aliniambia wazi wazi, sawa redio, "Bameongeza mbuzi." Tukacheka, Madeleine, tukacheka mpaka tukashikana. Kisha akalia.

Barua yako ya hasira ameisoma. Sasa niko na bantu babili habakule, mumoja Likasi, mumoja hapa. Nakuomba, usimupe Donat hii kazi kwanza. Jephté anasema kusema inarudilia, lakini inataka kutumiwa, na mbele ya bantu. Edouard anaificha sawa muntu mwenye suruali imepasuka nyuma.

Yaya yako,
Martine

*

Likasi, tarehe 13 mwezi ya tano 2024

Ba shemeji,

Nimejua. Usiulize nani aliniambia, na usimugombeze, juu bila ule mwanamuke ungekuwa unatembea mu Kamalondo na shati imegeuka ndani inje.

Nililia. Kisha nikakasirika upya. Dawa ya tension! Makelele mu sikio! Mwongo mukubwa weye! Lakini nikuambie kweli, shemeji, nimefurahi. Nilifikiri moyo yako imeoza. Kumbe ni kinywa tu, na kinywa ni kitu ya kuponyesha.

Usikie sasa. Ruben nimemueleza, ameamini, amerudilia hata kucheka. Papa Léonard haamini. Anasema, "Ba Kasai banajua kutengeneza maneno. Kama muntu ni mugonjwa wa kusema, tungesikia ugonjwa. Sisi tulisikia kimya." Barua haitamushinda ule muntu. Miye pia sitamushinda. Anataka kusikia na sikio yake.

Kuko njia mbili. Ya kwanza, Donat aende Hewa Bora aseme kwa nafasi yako, na siku ya dote, ya kupokea mali ya ndoa, aseme yeye tena. Weye utaketi ku kiti ya muzuri, batakuonea huruma, batakuletea nyama laini. Ya pili, uende weye mwenyewe, ufungue hiyo kinywa vile iko. Kama banacheka, bacheke.

Najua unaona haya. Na miye ningeona haya. Lakini ni mutoto ya Paulin, na anasema hataki musemaji mwingine. Uchague.

Madeleine

*

Kamalondo, tarehe 27 mwezi ya tano 2024

Shemeji,

Nilienda.

Tulikamata taxi na Martine mpaka Hewa Bora. Ku mulango yabo nilimupa Martine fimbo, niingie sawa mwanaume. Kisha nikaiomba tena, juu kuanguka mbele ya bakwe ni mubaya kupita kusema mubaya. Papa Léonard alitupa kiti mu cour. Hakutupa maji. Mama ya Ruben alikuwa anatwanga majani ya sombe mu kinu, akaacha kutwanga. Shemeji, hiyo kimya ya kinu! Ningependa atwange.

Nikaanza, "Ni… gon… jwa." Na mate ikanitoka upande moja, ikashuka mpaka ku kidevu, mbele ya bote. Nikaipanguza na mukono. Na pale nikaona kitu: ile niliogopa tangu Noël imeshatokea, na miye niko muzima, nimeketi, jua inawaka. Kinywa ikalegea. Nikasema, moja, moja, pole pole, "Karibuni. Mumefika kwenu."

Papa Léonard akaangalia Martine, akaniangalia. "Unatukaribisha ku nyumba yetu?"

Nikamuambia, "Hii ni neno ya ile siku. Imechelewa mu njia."

Mama ya Ruben njo alicheka wa kwanza, akafunika kinywa na mukono yenye sombe. Kisha Papa Léonard akacheka, tumbo inaruka. Maji ikakuya. Kisha chai, kisha mikate.

Aliniuliza wazi, "Na ile ya zamani?" Sikumudanganya. Nilisema naikumbuka, AVC haikuifuta. Lakini ile siku haikuwa mu kinywa yangu. Mu kinywa kulikuwa karibuni tu, ilikwama. Akanyamaza sana. Niliingojea kimya yake, miye sikuongeza mbuzi. Mwisho akasema, "Tulipotoka kwako, mu gari hakuna muntu alisema. Tulifikiri uko na haki ya kutukataa. Njo ilituuma." Nikamupa mukono ya kuume. Aliishika na yake mbili, na hakuikamua, alijua iko mugonjwa.

Nikasema mbuzi ya pili irudie kwake, niliipata bila kazi. Akakataa. Mbuzi ikitajwa ku mulango ya binti, hairudie nyuma, kwetu na kwabo ni vile. Tukagombana muzuri. Neno "hapana" njo inanitoka safi kupita yote, nikaitumia mpaka Martine akanikanyaga muguu. Tulipatana: mbuzi ya pili itachinjwa siku ya dote, familia mbili bakule pamoja mu sahani moja, isiwe ya muntu.

Donat akuye, lakini aketi nyuma. Nitasema miye. Naogopa, Madeleine. Salon itajaa bantu, na sijui kama itatoka. Lakini nitasema.

Edouard

*

Likasi, tarehe 13 mwezi ya munane 2024

Ba shemeji,

Nimefika salama, Djo alitubeba muzuri, tumekula mabaki ya keki mu njia yote. Ya siku ya dote mu salon yako unaijua, ulikuwa pale na koti. Ya nyuma ya rideau hauijue, njo nakuandikia.

Tulikuwa batatu: Martine, mama ya Ruben na miye, na mbuzi mu sufuria ku mbabula ya makala. Ulipoanza kusalimia bageni, Martine alinishika mukono. Neno ikikwama, anafinya. Neno ikitoka, analegeza. Niko na alama ya kucha mpaka leo. Papa Léonard akijibu, alikuwa anasema na yeye pole pole, sawa weye. Sijui kama alijua anafanya vile.

Kisha Estelle akaitwa. Na ile kitambaa ya bleu, shemeji! Paulin angelia. Unajua desturi yetu: musemaji anauliza binti kama tukule mali, ni kusema tupokee dote, bantu bote banasikia, na binti anajibu tu wakati swali imekwisha. Mbele ya pale, hapana. Ukasema, "Estelle." Muzuri. Ukasema, "Hii mali… tu…" Na ikafunga.

Papa Léonard anaangalia viatu yake. Ruben ameshika magoti yake na mikono mbili. Nilimuona Donat anainuka ku kiti, kinywa wazi, neno yote tayari ndani. Na miye, Mungu anisamehe, nilitaka aiseme. Nilikuwa nimechoka kuogopa.

Estelle hakumugeukia hata. Aliinua tu mukono, kiganja wazi, sawa vile ananyamazisha batoto ku masomo. Donat akaketi.

Na akakungojea. Hakukunong'onezea neno. Hakukuangalia na huruma. Alikuangalia sawa muntu ameulizwa kitu na anataka kusikia mwisho yake. Tulisikia harufu ya nyama inaungua, na hakuna hata mumoja kati yetu alitoka pale.

"…kule?"

Alipokujibu, "Mukule, baba mukubwa," weye ulisikia bigelegele. Hukusikia nini mama ya Ruben aliniambia mu sikio, mbele ya kupiga yake. Alisema, "Pamoja na huyu mutoto, miye naweza kuzeeka bila kuogopa."

Akalia, na miye nikalia. Martine akakimbilia sufuria.

Shemeji yako,
Madeleine